Swali Lililoulizwa kwa Kiholanzi

Kitabu cha Steven Cushing kiitwacho Fatal Words kilitoka mwaka 1994, na hadi leo wanaojadili mazungumzo ya redio baina ya marubani na waongozaji ndege hukirejea. Mwandishi ni mtu wa isimu. Hoja yake haina mzunguko: lugha tunayoitumia sokoni na nyumbani imejaa utata, na utata huo ambao huku chini twausamehe, huko juu huua watu. Ni kitabu ninachokipenda, na kwa sababu hiyo nataka kugombana nacho kidogo.

Kwanza nikipe haki yake. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikikaribia kutua Subang, Malaysia. Mwongozaji aliitaka ishuke hadi futi 2,400, akazitaja tarakimu mojamoja: mbili, nne, sufuri, sufuri. Kwa Kiingereza neno la "mbili" na neno la "hadi" hutamkwa namna moja. Marubani wakasikia "hadi nne sufuri sufuri", wakajibu kwamba ni 400, na mnara haukuwasahihisha. Ndege ikagonga kilima, wakafa wote wanne waliokuwamo. Mkasa kama huu ndio hasa wa mwanaisimu, na Cushing anastahili shukrani kwa kuwaonyesha wahandisi kwamba silabi moja yaweza kuwa na uzito kama bawa.

Ugomvi wangu unaanzia Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Gran Canaria, ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo uliosongamana na kufunikwa na ukungu. Boeing 747 mbili, moja ya KLM na moja ya Pan American, zikawa katika barabara moja ya kurukia. Watu 583 walikufa. Mnara haukuwa ukiziona, wala zenyewe hazikuwa zikionana. Redio tu ndiyo iliyokuwa macho ya wote.

KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, na ndani ya maelekezo hayo neno la "kuruka" lilitajwa, ingawa ruhusa yenyewe ya kuruka haikutolewa. Rubani msaidizi akayarudia, akamalizia kwa maneno ambayo wengi wameyasikia hivi: "We are now at take-off." Mnara ukaelewa kuwa wako mahali pa kurukia, wamesimama wakingoja. Kumbe ndege ilikuwa imekwisha anza kukimbia. Cushing anaeleza kwamba Mholanzi husema tendo linaloendelea kwa muundo unaofanana na "tuko kwenye kuruka", na huenda chini ya Kiingereza cha yule bwana kulikuwa na Kiholanzi kikipumua. Maelezo hayo yananikaa. Mnara ukajibu "OK", ukanyamaza kidogo, kisha ukawaambia wangoje hadi waitwe. Wakati uleule Pan American wakatamka kwamba bado wamo barabarani. Sauti mbili katika masafa mamoja zikagongana, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM kikasikika kitu kama mluzi kwa sekunde karibu nne. Kilichopenya kwa uwazi ni ile "OK".

Mswahili hahitaji kufundishwa hatari ya neno kama hilo. "Sawa" yetu yaweza kuwa nimekusikia, nimekubali, au tafadhali nyamaza. Na "haya" ndiyo usiseme. Nani kati yetu hajaambiwa "haya" akaondoka akidhani ameruhusiwa?

Lakini kinasa sauti cha KLM kina mambo mawili ambayo hayana Kiingereza ndani yake. La kwanza: kabla ya maelekezo yale kutolewa, rubani mkuu alikwisha kusukuma mitambo mbele, na msaidizi wake akamzuia kwa kumwambia kuwa ruhusa bado. Akazuilika. Aliposukuma mara ya pili, msaidizi hakusema kitu. La pili: ndege ikiwa mbioni, mhandisi aliisikia Pan American ikiahidi kwamba itaarifu ikishatoka barabarani. Akauliza kama bado haijatoka. Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kuwa imetoka. Haikutimia nusu dakika.

Waholanzi watatu, chumba kimoja, lugha ya mama. Swali lilieleweka na jibu likaeleweka. Rubani mkuu yule ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake wa KLM kurusha 747, na picha yake ilitumika katika matangazo ya kampuni. Nani angerudia swali? Uchunguzi wa Kihispania ulimwelemea yeye kwa kuruka bila ruhusa. Waholanzi wakapendelea kusema kwamba pande zote hazikuelewana. Naogopa kuwa maelezo ya kiisimu, kwa uzuri wake, yanawapa wa pili godoro la kulalia.

Mkasa wa Avianca 52 unanizidishia shaka. Tarehe 25 Januari 1990, karibu na New York, rubani mkuu alimwambia msaidizi wake kwa Kihispania atangaze hali ya hatari. Msaidizi akasema redioni kwamba mafuta yanawaishia, bila kulitaja neno la hatari lenyewe. Watu 73 wakafa. Neno lililokosekana ni kweli lilikosekana. Ila mtu akikuambia angani kwamba mafuta yanamwishia, je, inakulazimu usubiri neno rasmi ndipo umuulize yamebaki ya dakika ngapi? Lawama ya lugha ina tabia ya kumwangukia aliyeikopa.

Hatua zilichukuliwa. Neno la "kuruka" sasa hutumika redioni pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Tangu Machi 2008 ICAO hutaka wanaosema redioni katika safari za kimataifa wafikie kiwango kilichowekwa cha lugha. Cushing mwenyewe alipendekeza ujumbe wa kuandikwa kwenye skrini, na siku hizi upo, hasa juu ya bahari. Mluzi wa Tenerife hauwezi kutokea katika maandishi. Hayo yote yanahusu waya baina ya mnara na ndege. Kuhusu viti vitatu vya mbele, kazi ilianzia kwingine, katika warsha ya NASA ya mwaka 1979 na mafunzo yaliyofuata, ambamo mdogo hufundishwa kupinga na mkubwa hufundishwa kupingwa. Anayekisoma Fatal Words na awe na maandishi ya kinasa sauti cha Tenerife pembeni, na asiyaruke yale ambayo mnara haukuyasikia.