Vitabu Viwili kwa Wenye Kujitayarisha kwa Ualimu

Vijana wa Butembo na Beni wenye kutaka ualimu wasome nini? Sisi tunawapendekezea vitabu viwili vifupi.

Cha kwanza ni De catechizandis rudibus, alichoandika Mutakatifu Augustino karibu na mwaka 400, kumjibu Deogratias, shemasi wa Karthago, aliyelalamika kwamba mafundisho yake mwenyewe yanamchosha. Augustino hamkaripii. Anamwambia amtazame msikilizaji: ni mtu wa mji ao wa shamba? Ana elimu ao hana? Akichoka kusimama, apewe kiti. Mwalimu anayepokea watoto waliokimbia mauaji ya Beni, tangu mwaka 2014, atapata humo hekima kubwa. Lakini msikilizaji huyo amekuja kwa kupenda. Mtoto anayefukuzwa shuleni hayumo.

Huyo tunamkuta katika Lettera a una professoressa ya mwaka 1967, barua ya vijana wanane wa Barbiana, Italia, wanafunzi wa Padri Lorenzo Milani. Wanahesabu wanaoangushwa, na kuona kwamba wengi ni watoto wa maskini. Wanaomba wenye kuchelewa waongezewe saa za masomo. Hasira yao inapita kipimo mara nyingine: uchovu wa mwalimu hawauhurumii.

Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali katika Kongo ni za bure, na kalasi nyingi zilijaa. Basi tunashauri: Barbiana kwanza, mwalimu ajue nani anaachwa nyuma, halafu Augustino, apate nguvu ya kumrudilia huyo kila siku.