Wosia na Mauti katika Ushairi wa Kiswahili

Wako wasemao kwamba utamaduni wetu unaogopa kuyataja mauti. Ushahidi wao ni lugha yenyewe: mtu hafi, bali hufariki, huaga dunia, au hutangulia mbele ya haki. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Tafsida ni adabu ya ulimi mbele ya wafiwa. Si dalili kwamba jambo lenyewe limefichwa. Msibani watani huthubutu kumwigiza marehemu na kuwatania ndugu zake, hata waliao wakacheka. Jamii inayoyakimbia mauti isingeliruhusu hayo. Lakini ushahidi ulio mzito zaidi umo katika ushairi.

Tuutazame Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa ameugua mwaka mzima. Akamwita binti yake akae karibu naye, atwae wino na karatasi. Wahakiki wengi wameusoma utendi huu kama mwongozo wa utii wa mke kwa mume, wakaulaumu. Lawama hiyo ina haki yake, maana mafunzo mengi yaliyomo ni ya tabaka na zama zake. Hata hivyo inapuuza hali ya msemaji. Huyu ni mama ambaye hamfichi mwanawe ugonjwa wake, na ambaye anazigeuza siku zilizosalia kuwa urithi. Wala hakukata tamaa, kwani katika utendi huohuo anamwomba Mungu amponye. Kusema wazi juu ya kifo na kutumaini uzima ni mambo yawezayo kukaa katika kifua kimoja.

Katika karne iliyofuata, Shaaban Robert alifiwa na mkewe, akatunga shairi la “Amina”. Humo kifo kinatajwa kwa jina lake, na marehemu anasemeshwa kana kwamba yu karibu. Kiitikio, kinachorudi kila ubeti, kinashikilia kwamba fungo la mapenzi halikukatika. Fani hapa imelingana na maudhui: huzuni nayo hurudi hivyohivyo, na kila irudipo hukuta ubeti mpya umekwisha anza. Lakini mshairi hakuishia katika maombolezo. Alitunga pia Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mjane wa Siyu na mgane wa Tanga wanakutana katika jambo moja, nalo ni kuwa pengo lililoachwa na mauti hugeuzwa kuwa kazi ya malezi.

Hatuna budi kuonyesha pia kasoro ya mapokeo haya. Katika tenzi hizi mzazi hunena na mtoto husikiliza. Binti anapewa wino, lakini hatuambiwi yeye mwenyewe analia nini. Hapo ndipo wosia unapoweza kuwa mzigo: mtoto akaambiwa awe mwema kabla hajaruhusiwa kuwa mwenye huzuni. Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji (1974), alituonyesha upande mchungu zaidi. Kazimoto, kijana msomi, anajiua, na msomaji hapewi faraja. Riwaya hiyo ililaumiwa kwa kukata tamaa. Sisi twaona kwamba ilitaja kifo ambacho mapokeo yalikuwa hayajakipatia maneno.

Kukua baada ya msiba, basi, si kusahau, wala si kujikaza kisabuni. Ni kumpokea marehemu katika maneno na kuendelea na kazi aliyoiacha. Katika nyumba nyingi mtoto bado huambiwa kwamba mama yake amesafiri, akaachwa akingoja mlangoni. Mwana Kupona hakumfanyia mwanawe hivyo. Yawapasa wazazi na walimu wausome tena utendi wake kwa jicho hilo, kisha wafanye lile ambalo yeye hakulifanya: wampe mtoto wino, na wamwache aandike maneno yake mwenyewe.