"Imethibitishwa" maana yake nini? Treni ya Paris tukiisomea Ruvu

Ukianza kusoma kuhusu kuthibitisha programu kwa hesabu, hutamaliza wiki kabla ya kukutana na makala ya Patrick Behm na wenzake ya mwaka 1999. Inahusu Météor, njia namba 14 ya treni za chini ya ardhi Paris, iliyofunguliwa Oktoba 1998 bila madereva. Makala yenyewe ni nzuri sana. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyoitaja darasani: "imethibitishwa, kwa hiyo ni salama." Hebu twende Ruvu uone.

Pale Ruvu reli ya zamani ya kati inagawanyika: moja inaendelea Morogoro, nyingine, iliyofunguliwa 1963, inakwenda Mnyusi kuungana na reli ya Tanga. Tuseme wewe ndiye unayeandika programu ya kulinda njia panda hiyo. Sheria ya kwanza: swichi ikielekea Mnyusi, taa ya kwenda Morogoro isiwe kijani. Ya pili: kipande kimoja cha reli, treni moja. Utajuaje programu haizivunji? Utaijaribu, si ndiyo? Haya. Vitu 20 tu vya ndiyo-au-hapana vinatoa hali 1,048,576. Ukijaribu moja kila sekunde, ni siku 12 usiku na mchana. Vikiwa 40, zaidi ya miaka 34,000.

Hapo akina Behm wanastahili heshima yao. Walitumia mbinu ya B, ya Jean-Raymond Abrial. Humo huandiki amri tu. Unaandika pia sharti lisilovunjwa, kisha unadaiwa uthibitisho kwamba kama sharti lilikuwa kweli kabla ya hatua fulani, litabaki kweli baada yake. Madai yalifika kama 27,800. Mengi kompyuta iliyamaliza yenyewe, mengine ikasaidiwa na watu. Baada ya hapo majaribio hayakukuta kosa kwenye sehemu iliyothibitishwa. Programu gani kwenye simu yako inaweza kujisifu hivyo?

Lakini kilichothibitishwa ni kwamba programu inafuata masharti. Masharti yenyewe yaliandikwa na watu.

Juni 24, 2002, kwenye reli hiyohiyo ya kati, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Sisemi kulikuwa na programu iliyokosea. Nautumia mkasa huo kupima sheria zako mbili. Taa huzuia treni inayokuja mbele. Inayoporomoka kinyumenyume haiangalii taa. Uthibitisho wako ungebaki sahihi, mstari kwa mstari, na watu wangekufa vilevile.

Basi mtu akikuambia mfumo wa reli umethibitishwa (na SGR nayo inapita Ruvu, tangu 2024 ikiwa na abiria), muulize aliichukuliaje breki. Kwa njia panda yetu ningeongeza sharti la tatu: treni ikiwa mlimani ihesabiwe kuwa inaweza kurudi. Jaribu kuliandika. Utakuta treni moja sasa inashika vipande viwili, chake na cha nyuma yake, na ile sheria ya pili inabidi uiandike upya.