Elementi 20 za kukariri zinatuishia njiani

Wimbo wa elementi 20 tuliokaririshwa unaishia kalsiamu. Sasa angalia biashara ya misafara ya Tabora: majembe ya chuma (namba 26), shaba ya Katanga (29), riali za fedha (47). Zote wimbo hauzifikii!

Hebu teremka safu ya 11 ya jedwali: shaba, fedha, kisha dhahabu, ile ya Nzega. Zote laini, zinapitisha umeme vizuri, na kadiri unavyoshuka zinazidi kukataa kuungana na oksijeni. Chuma kiko safu ya 8, ndiyo maana jembe linaliwa na kutu huku dhahabu ikibaki inang'aa. Anayesoma safu anabashiri tabia ya elementi asiyoijua. Aliyekariri ataishia kuimba tu. Mitihani ipime kubashiri.