Mita Mbili za Mtaa wa Chacabuco

Filamu ya Operation Finale mmeshaitazama, sina haja ya kuisimulia. Malkin wa Mossad kumkwida Mnazi mtoro Eichmann mtaa wa Garibaldi, Buenos Aires, Mei 11, 1960: kazi safi, basi. (Na daktari wa kikosi alikuwa mwanamume! Kumgeuza mwanamke kulinikera tangu filamu ilipotoka mwaka 2018.) Mimi leo nina ugomvi na mwaka 1958, Mossad ilipokuwa na mtu wake mkononi ikamwachia.

Sehemu ngumu ilikwishafanywa na Lothar Hermann, kipofu aliyepitia Dachau, na binti yake Sylvia. Eichmann alijiita Ricardo Klement lakini wanawe akawaachia jina la zamani; mmoja wao, Klaus, akatamba nalo mbele ya Sylvia, naye binti akaenda kubisha hodi kwao, mtaa wa Chacabuco. Habari ikafika kwa Fritz Bauer, mwendesha mashtaka wa Hesse, kisha Israeli. Januari 1958 Mossad ikatuma mtu. Akaona nyumba duni, akaamua mkubwa wa Wanazi hawezi kukaa pale. Kwani mtoro hujenga ghorofa?

Hilo ningelisamehe. Baadaye wakamwambia Hermann achimbe zaidi, akarudi na haya: mwenye nyumba ni Francisco Schmidt, na mita za umeme ni mbili, moja ya Dagoto, moja ya Klement. Mzee wa watu akakosea, akasema Schmidt ndiye Eichmann. Wakamchunguza Schmidt, wakakuta siye, tena haishi humo. Wakafunga jalada.

Jamani! Mwenye nyumba haishi humo na mita ni mbili: si wapangaji hao? Aliyewahi kupanga chumba Manzese anajua jina la kwenye hati silo la anayelipa umeme. Willy Gamba, jasusi wa riwaya, angesoma mita kabla ya kuwasha sigara. Nimeshasema hapa hadi mnanichoka: mtoa habari akikosea hitimisho, hutupi na alichokiona.

Desemba 1959 Bauer akatua Israeli amefura, na jina lile lile la Klement kutoka chanzo kingine. Zvi Aharoni wa Mossad alipofika Buenos Aires Machi 1960, familia ilikuwa imehama wiki chache tu nyuma. Ilibidi aanze kuitafuta upya.

Eichmann alinyongwa mwaka 1962. Hermann alilipwa zawadi yake mwaka 1972.