Picha za Ngoma za Wagogo ni Amana ya Nani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu neno hili hutumiwa katika biashara, walakini lafaa pia katika sanaa, na hasa sanaa ya video, ambayo huonekana imehifadhika kumbe i njiani kupotea.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2011 ilitoka filamu iitwayo Africa: The Beat, kazi ya Wahispania, miongoni mwao Polo Vallejo, mtaalamu aliyechunguza muziki wa Wagogo kwa miaka mingi. Picha zilipigwa kijijini Nzali, mkoani Dodoma. Haki yake ni kusifiwa. Muziki umewekwa mahali pake, ndani ya kazi, malezi na misimu, na mtazamaji hutambua kuwa kwa Mgogo ngoma si pambo la kupokelea wageni tu.

Lakini uhakiki haukomi kwenye sifa. Filamu hii ni ya saa moja hivi, na kila filamu ya namna hii hutokana na picha za saa nyingi. Mhariri huchagua kinachomfaa yeye na watazamaji wake. Kinachoachwa nje mara nyingi ndicho hazina ya kizazi kijacho: wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, mzee akifafanua maneno yake, mtoto akikosea na kurekebishwa. Basi twauliza: picha hizo zimewekwa wapi, na mtoto wa Nzali atazifikiaje?

Swali hili si geni kwetu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa Kigogo ng'ambo kwa zeze na marimba, na baadhi ya santuri zake zilitolewa Uingereza. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, cha kuazima hakistiri maungo. Haifai mjukuu aazime sauti ya babu yake kwa wageni.

Tena kanda ina ajali yake. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Gundi hunyonya unyevu ikalegea, na vumbi hukwaruza utepe. Hata ukibaki mzima, mashine ya kuusomea ni adimu. Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza mashine za VHS mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kwamba ifikapo 2025 kanda nyingi zisizonakiliwa huenda zisisomeke tena. Mwaka huo umekwisha kufika.

Wapo wanaodhani kuzigeuza kanda kuwa nakala za kidijitali ni dawa kamili. Ni nusu ya dawa. Diski nayo hufa, na picha zipigwazo kwa simu huweza kupungua ubora zikitumwa huku na huku, jina la mwimbaji halimo. Sisi tuliosoma madrasa twajua kwamba habari isiyo na sanad haipewi uzito. Picha nayo yataka sanad yake: nani aimba, wimbo gani, wapi, lini, na kwa idhini ya nani.

Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro ya miamba ya Kondoa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Nakala hizo zina faida. Lakini michoro mingi ingali Kolo, na mwenyeji aweza kupanda kilima akaitazama. Kanda ikifa, haina mwamba wa kurudia.

Je, kila kitu kifunguliwe kwa kila mtu? La. Ziko nyimbo za jando na unyago ambazo wenyewe hawaziimbi mbele ya kila mtu. Kuziweka hadharani kwa jina la elimu ni kuvunja sitara. Wenye wimbo waulizwe kwanza, na jibu lao liandikwe pamoja na picha.

Yafaa basi ziwepo nakala tatu: moja Chuo Kikuu cha Dodoma, moja mbali na mkoa kwa tahadhari, na moja kijijini, ambako watu wakae na wazee wao, watazame, na kuandika majina. Kazi hiyo ya mwisho haihitaji mashine za gharama, walakini haingoji. Wazee wanaozijua nyimbo hizo wanapungua kila mwaka, na atakayekuja kuuliza baada yao hatapata wa kumjibu.