Chanjo, Mwajiri na Haki ya Mfanyakazi

Agosti 2021 Serikali ya Kenya iliwaamuru watumishi wake wote wapate dozi ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 ifikapo tarehe 23, la sivyo waadhibiwe. Nchini kwetu chanjo hiyo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, ikawa ya hiari. Wako wanaodai kwamba hiari ni udhaifu. Hoja hiyo tunaipinga.

Hatusemi chanjo haina faida. Uvumi unaoipinga sayansi ni adui wa mfanyakazi. Tunasema mwajiri hununua nguvu-kazi, hanunui mwili. Tumtazame mbangua korosho wa Tandahimba. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mwajiri asiyempa glovu, kisha akatishia kumfukuza kwa sababu ya sindano, halindi afya, analinda uzalishaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya mtu kuachishwa kazi.

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Kutoa amri bila mazungumzo ni dharau ileile. Lakini chama cha wafanyakazi nacho kina wajibu: kidai glovu na hewa safi, na kiwaeleze wanachama ukweli wa chanjo. Kikinyamaza, uvumi na amri vitagawana mahali pake.